Nyumbu wa kwanza alipona, wa pili akafa siku ya tatu. Je, ni laana?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mkulima wa viazi, kabeji na minji huku Ol Joro Orok, Nyandarua. Shamba ni la baba, nasi tunalilima pamoja, mimi na kaka yangu mkubwa. Baba alifanya kazi miaka mingi kwa mtu aliyekuwa na farasi upande wa Gilgil, na alipostaafu akapewa farasi jike mmoja kama sehemu ya haki yake. Hatukuwa na kazi ya farasi. Lakini jirani yetu ana dume la punda, kubwa kuliko ya wengine, na baba alikuwa amewahi kuona nyumbu, wale wanaozaliwa na farasi kwa punda, wakifanya kazi ujanani mwake. Tukampandisha. Akazaliwa nyumbu dume, mzima, ambaye sasa ana miaka mitatu na nusu.

Mwanzoni mwa mwaka jana farasi akazaa tena kwa punda yuleyule, safari hii jike. Alisimama haraka, akanyonya, akazunguka boma akirukaruka. Kesho yake jioni nikamkuta amelala hataki kuamka. Nilipofunua mdomo, ufizi ulikuwa wa manjano, na mkojo wake mwekundu kama chai ya rangi. Siku ya tatu, daktari akiwa njiani, akafa.

Baba amebadilika tangu siku ile. Anasoma Mambo ya Walawi sura ya 19, pale Mungu anapokataza kuzalisha wanyama wa namna mbili, na anasema tumejiletea laana. Kaka anataka farasi auzwe. Mimi naogopa kwa sababu ana mimba nyingine ya punda yuleyule, na imebaki kama miezi miwili.

Nyumbu wetu mkubwa naye ana taabu zake. Tunamfunga nira pamoja na maksai mmoja tuliyebaki naye, tulime. Anavuta kidogo, kisha anasimama katikati ya mtaro na hasogei hata akipigwa. Kaka humpiga sana. Juzi alimrushia kaka teke la goti, na sasa kaka anasema auzwe pia. Hatujamhasi kwa sababu tuliambiwa nyumbu hana uzazi, basi gharama ya nini.

Tulikuwa na ndoto ya kupata dume na jike wa nyumbu tuwazalishe, tuachane na kukodi trekta. Je, inawezekana, au ninunue dume langu la punda? Nishauri Shangazi, nyumbani hatuongei vizuri.

Mkulima, Nyandarua


SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Pole kwa mtoto yule, na pole kwa ukimya wa hapo nyumbani. Nitaanza na farasi mwenye mimba, kwa sababu miezi miwili si mingi na kuna vitu vinavyotakiwa kuwa tayari kabla hajazaa.

Hayo uliyoyaeleza, mtoto kuzaliwa mzima, kunyonya vizuri, kisha ufizi wa manjano na mkojo mwekundu ndani ya siku mbili tatu, ni ugonjwa unaojulikana sana kwa watu wanaozalisha nyumbu. Kwa maelezo yako, karibu nina hakika mtoto wako aliuawa na dang'a ya mama yake, yale maziwa mazito ya kwanza baada ya kuzaa. Najua ni neno gumu kulisikia, maana sisi wafugaji tunafundishana kila siku kwamba mtoto asiyepata dang'a hana maisha. Kwa ndama na kwa mbuzi ni kweli. Kwa nyumbu pia ni kweli mara nyingi, ila si kwa kila mama.

Chembe nyekundu za damu ya punda zina alama ambayo farasi hana, na mtoto wa dume la punda hurithi alama hiyo kwa baba yake. Katika mimba ya kwanza, damu ya mtoto hukutana kidogo na ya mama, hasa saa ya kuzaa kondo linapobanduka. Mwili wa mama huiona ile alama kuwa ngeni na kuanza kutengeneza kingamwili za kuishambulia. Kufikia hapo mtoto wa kwanza ameshazaliwa na kunyonya, hivyo anapona. Mimba ya pili inaukuta mwili wa mama umeshajiandaa, na zile kingamwili zinakusanyika kwenye kiwele pamoja na dang'a. Akiwa tumboni hazimfikii, kwa kuwa kondo la farasi haliziruhusu kupita. Ndiyo sababu ulimwona akirukaruka. Alipoanza kunyonya zikaingia, maana utumbo wa mtoto mchanga hupitisha kingamwili hadi kwenye damu kwa muda wa siku ya kwanza hivi, kisha hujifunga. Zikavunja chembe zake nyekundu. Ule umanjano na ule mkojo ni mabaki ya chembe hizo.

Ugonjwa huu hautokei kwa kila farasi. Wataalamu hukadiria karibu mimba moja katika kila kumi za nyumbu. Lakini farasi aliyepoteza mtoto hivyo mara moja, mchukulie kwamba atampoteza na anayefuata wa punda, mpaka vipimo viseme vingine.

Sasa cha kufanya. Kwanza mtafute daktari wa mifugo wiki hii, usisubiri kiwele kijae. Mweleze habari yote kama ulivyonieleza mimi. Katika wiki mbili au tatu za mwisho anaweza kuchukua damu ya farasi na damu ya lile dume la jirani na kuangalia kama majimaji ya damu ya mama yanashambulia chembe za punda. Kama hana vifaa, kuna maabara ya uchunguzi wa mifugo Nakuru, na Kabete kuna chuo kikuu kinachofundisha madaktari wa mifugo. Aulize yeye, wataelewana haraka. Siku ya kuzaa kuna kipimo kingine: dang'a ya mama huchanganywa na damu ya mtoto, wakaona kama chembe zinagandana. Zikigandana, ile dang'a mtoto asiionje.

Hata vipimo visipopatikana, unaweza kumwokoa kwa mikono yako, lakini lazima uwepo anapozaliwa. Mimba ya farasi ni miezi kumi na moja hivi, na ya nyumbu huweza kuzidi kidogo. Kwa hiyo usitegemee tarehe peke yake. Angalia kiwele. Matone mazito ya manjano yakianza kuganda kwenye ncha za chuchu, mara nyingi imebaki siku moja hadi nne. Farasi hupenda kuzaa usiku watu wakilala, basi gawaneni zamu, wewe na kaka na yeyote atakayekubali.

Mtoto akishatoka, mwache mama amlambe na kumnusa, lakini kabla hajapata chuchu mvalishe kifunika mdomo. Unaweza kukitengeneza kwa kikapu kidogo au kwa chombo cha plastiki chenye matundu mengi, kikafungwa kwa kamba laini nyuma ya masikio. Apumue vizuri, ila asiweze kunyonya. Mwache akae na mama yake saa zote. Ukimtenga, mama anaweza kumkataa, na hapo utakuwa umejiongezea tatizo lingine. Mama mkamue kila saa moja au mbili, mchana na usiku, na maziwa hayo uyamwage. Endelea hivyo kwa saa 24 kwa uchache. Mimi ningekwenda hadi 48, kwa sababu ya yaliyokupata.

Wakati huo mtoto lazima ale kitu kingine, tena dang'a nyingine, kwa kuwa kinga yake yote hutoka huko. Hapa ndipo penye kazi kubwa, na ndiyo maana nakuambia uanze sasa. Tafuta dang'a ya farasi ambaye hajawahi kubeba mimba ya punda. Baba anawafahamu watu wa farasi upande wa Gilgil. Wakiwa na farasi anayezaa kabla ya wako, waombe wakukamulie kiasi baada ya mtoto wao kushiba, kiwekwe kwenye friza. Ikigandishwa vizuri hukaa miezi mingi bila kuharibika. Ya kuyeyusha iweke ndani ya maji ya uvuguvugu, wala usiichemshe, moto huua kile unachokitafuta. Lita moja hadi mbili, ukimpa kidogo kidogo katika saa sita hadi nane za mwanzo, zinamtosha mtoto mdogo. Ukikosa kabisa, dang'a ya ng'ombe ni afadhali kuliko kukosa yote, ingawa kinga yake haidumu mwilini mwa farasi. Baada ya hapo mpe maziwa ya mbuzi yenye joto la mwili, kila saa moja hadi mbili. Mtoto wa kilo 30 atahitaji kama lita tatu siku ya kwanza na zaidi siku ya pili. Anyweshwe amesimama, kichwa kikiwa kama anavyonyonya mamaye, asije akavuta maziwa mapafuni. Mwombe daktari apime damu yake akifikisha siku moja, ajulikane kama amepata kinga ya kutosha.

Muda ukiisha na mama akiwa amekamuliwa vizuri, mvue kile kifunika mdomo anyonye. Maziwa hayatamdhuru tena.

Na ikitokea ukachelewa, akanyonya, ukaanza kuona ufizi unageuka rangi? Msimkimbize wala kumsumbua, maana damu yake haina tena uwezo wa kubeba hewa ya kutosha. Kama siku ya kwanza haijaisha, mzuie kunyonya. Daktari anaweza kumwongezea damu, na damu hiyo itoke kwa farasi asiyewahi kubeba mimba ya punda. Isitoke kwa punda, kwani chembe za punda ndizo zinazoshambuliwa.

Sasa baba. Usibishane naye kuhusu Walawi. Ni mzee aliyemwona kiumbe mzuri akifa mikononi mwake bila sababu inayoonekana, akatafuta maana mahali anapoamini maana hupatikana. Mimi ningefanya mambo mawili. La kwanza, ningemwomba daktari amweleze yeye mwenyewe habari ya dang'a, akiwa ameketi, bila haraka, wewe ukiwa pembeni umenyamaza. La pili, kama mazungumzo ya Biblia yatakuja, mkumbushe kwa heshima kwamba Daudi alipotaka taifa lote lijue Solomoni ndiye mrithi wake, aliamuru apandishwe juu ya nyumbu wa mfalme. Imo katika Wafalme wa Kwanza, sura ya kwanza. Akisema bado moyo wake hautaki wanyama hawa waendelee kuzalishwa kwenye shamba lake, mwanangu, shamba ni lake, na hilo utalipokea. Lakini huyu aliye tumboni tayari yupo, na sidhani baba yako ni mtu wa kumwacha afe.

Tuje kwa nyumbu wenu. Barua yako iliniuma hapa kuliko mahali pengine.

Nira ya ng'ombe ivueni leo. Ng'ombe husukuma kwa bega na nundu, ndiyo maana nira inamfaa. Nyumbu, punda na farasi huvuta kwa kifua na mabega ya mbele. Nira hukaa juu ya mifupa ya shingo yake, na kila anapovuta humchubua na kumkaba. Mkagueni shingo na juu ya mabega. Mkikuta manyoya yamekatika, uvimbe au kidonda, apumzike mpaka apone kabisa, msimfunge kitu chochote hapo. Baadaye mtengenezeeni mkanda wa kifua, mpana kama kiganja na vidole vyake, wenye kitambaa laini ndani, ukae chini ya koo na juu ya kiungo cha bega ili asizuiwe kupumua wala kupiga hatua. Kwa plau au mzigo mzito, kola iliyojazwa vizuri inayomkaa sawasawa ni bora zaidi. Wa mkokoteni aongezewe mkanda wa nyuma ya mapaja, la sivyo kila mteremko mkokoteni utamgonga miguu, na huko Ol Joro Orok miteremko ni mingi. Kumfunga na maksai pia si haki kwao wote wawili. Hawalingani urefu wala hatua, na mmoja daima atavutwa na mwingine.

Tena ana miaka mitatu na nusu. Huyo ni kijana. Nyumbu hukomaa polepole, na umri huu ni wa kufundishwa kazi nyepesi. Kazi kamili ni kuanzia miaka minne, mitano. Ukimtunza sasa anaweza kukufanyia kazi zaidi ya miaka ishirini.

Mseme mnavyotaka, lakini anaposimama kwenye mtaro hakaidi. Farasi akiogopa hukimbia. Nyumbu, kwa damu ya punda, husimama kwanza apime. Akiumia husimama pia. Mnyama anayesimama kwa sababu shingo inamwuma, kisha akapigwa, anajifunza kwamba mtaroni kuna maumivu mbele na maumivu nyuma, na hiyo kumbukumbu haimtoki upesi. Kaka yako asimkaribie na fimbo tena. Namwomba, na ningemwambia hivyo mwenyewe kama angekuwa mbele yangu.

Mnaye mwalimu hapo bomani, ni mama yake. Nyumbu humfuata farasi jike kwa mapenzi ya ajabu. Zamani misafara ya nyumbu iliongozwa na farasi jike mmoja aliyevalishwa kengele, wengine wote wakafuata. Akishazaa na kupata nguvu, mtangulizeni mama mbele akiongozwa kwa kamba, nyumbu amfuate akiwa na mkanda mtupu. Kisha mfungie gogo dogo, kisha mkokoteni usio na mzigo. Kila hatua aizoee kabla ya inayofuata, na vipindi viwe vifupi.

Na msimtarajie awe trekta. Nyumbu wakubwa wa kulima hutokana na wazazi wakubwa. Kule Poitou, Ufaransa, walizalishwa kwa punda majitu na farasi wazito wa kukokota, na Waamishi wa Lancaster, Pennsylvania, Marekani, Wakristo wanaoshika maisha ya kizamani, hadi leo wanalima kwa nyumbu waliozaliwa na farasi wazito wa aina ya Belgian. Wako amezaliwa na punda wetu wa kawaida na farasi wa kupanda. Mnyama wa namna hii huvuta kwa muda mrefu nguvu ya kama sehemu moja ya kumi ya uzito wake, au zaidi kidogo. Plau ya kugeuza ardhi ngumu inadai kuliko hapo. Mtumieni kupalilia, kuinulia viazi udongo, na kubeba viazi hadi barabarani. Mkokoteni pamoja na mzigo usizidi mara mbili ya uzito wake mahali tambarare, na kwenye matope ya Aprili punguzeni sana. Kukodi trekta mara moja kwa msimu kwa kazi ya kuvunja ardhi si aibu.

Suala la kuhasi halina mjadala. Hana uzazi, ni kweli, kwa kuwa farasi ana kromosomu, zile nyuzi za urithi ndani ya chembe za mwili, 64, punda 62, na yeye amebaki na 63 zisizogawanyika vizuri. Lakini homoni anazo zote za dume, na nyumbu dume asiyehasiwa ni hatari akikua. Goti la kaka yako linaweza kuwa mwanzo tu. Afanye daktari, kwa dawa ya usingizi. Nyumbu mara nyingi huhitaji dawa nyingi kuliko farasi wa uzito uleule, na mishipa ifungwe vizuri kwani huvuja damu. Kabla ya hapo apewe chanjo ya pepopunda, na farasi naye apewe. Mkiwa na daktari hapo, mwulizeni pia kuhusu chanjo ya ile tauni ya farasi inayoenezwa na visubi wadogo wakati wa jioni na usiku. Farasi wengi wanaoipata hufa, nyumbu pia hufa ingawa wachache zaidi, na punda mara nyingi hupona. Chanjo ya mama mwenye mimba daktari ndiye atakayepanga wakati wake.

Kuzalisha nyumbu kwa nyumbu kusahau. Ukitaka dume lako la punda, nunua dogo lililoachishwa ziwa na ulikuze pamoja na farasi. Dume lililokulia na punda jike peke yao mara nyingi humkataa farasi kabisa, na pesa zako zitakuwa zimekwenda. Hata hivyo kwa farasi mmoja tu mwenye tatizo hili, sioni faida ya kununua. Msimu ujao mpandishe kwa farasi dume. Zile kingamwili zinaishambulia alama ya punda, na mtoto wa farasi hana alama hiyo, hivyo atanyonya mama yake kama kawaida. Pengine hata baba atafurahi.

Kuuza, mimi nasema hapana kwa sasa, wala farasi wala nyumbu. Mnyama mwenye kidonda cha shingo na sifa ya mateke hanunuliwi na mkulima mwenzako. Hununuliwa na mtu wa nyama na ngozi. Tangu machinjio ya punda yalipoanza kupewa leseni hapa Kenya miaka ya 2010, tumeona wizi wa punda vijijini kwa ajili ya ngozi za kupeleka China, na ijapokuwa Umoja wa Afrika ulikubaliana mwaka 2024 kuzuia biashara hiyo, wezi hawakuacha kazi siku ile. Wafungieni wote ndani usiku. Kaka akishaona nyumbu huyu amepona shingo, amehasiwa na anavuta viazi akiwa na mkanda unaomkaa, mzungumze tena habari ya kuuza, na wakati huo hata bei itakuwa nyingine.